Teknolojia: Pidgin inapokataa kuunganika, kufuta konti si dawa

Ni jambo lenye linajulikana mu ofisi nyingi za Bukavu na Goma. Umeme umekatika usiku muzima, unarudi asubuhi, ordinatere inawaka, na alama ya wifi inaonekana vizuri. Pidgin inafunguka peke yake kama kila siku. Lakini pahali pa majina ya wenzake wa Uvira, wa Kalemie na wa Bruxelles, mufanyakazi anaona tu maneno machache chini ya dirisha: konti haikuunganika. Anabonyeza ili ijaribu tena. Bure. Anabonyeza mara kumi. Kisha anafanya kitu chenye watu wengi wanafanya: anafuta konti yake mu programu ili aiandike upya. Na hapo programu inamuuliza neno la siri lenye aliandika mara ya mwisho miaka sita iliyopita.

Hapo ndipo taabu ya kweli inaanza. Kosa lenye lilizuia konti asubuhi hiyo lingeweza kuisha lenyewe mbele ya saa sita. Lakini konti yenye neno lake la siri limesahauliwa inaweza kupotea kabisa. Serveri nyingi za XMPP, mutandao wenye watumiaji wengi wa Pidgin wamebakia nao leo, zinaendeshwa na watu wa kujitolea, na nyingi kati yazo hazina namna ya kumurudishia mutu neno lake la siri. Hakuna namba ya simu yenye iliandikishwa, na mara nyingi hakuna hata barua-pepe. Mutu anapoteza anwani, na pamoja nayo anapoteza wale wote wenye walikuwa wanamujua kwa anwani hiyo tu.

Pidgin ni programu ya bure ya kutumiana mesaje kupitia ordinatere. Haina mutandao wake yenyewe. Kazi yake ni kuingia mu mitandao ya wengine, mingi kwa mara moja, na kuonyesha watu wote mu dirisha moja. Mark Spencer, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa chuo kikuu cha Auburn huko Marekani, aliianzisha mwaka 1998 ili wenye kutumia Linux waweze kuingia mu AIM, mutandao wa kampuni AOL. Iliitwa Gaim. AOL haikupenda jina hilo lenye kufanana na la kwake, na mwezi wa 4 mwaka 2007 watengenezaji walilibadilisha. Walichagua neno lenye wataalamu wa luga wanatumia kwa luga ya muchanganyiko, ile yenye inazaliwa sokoni ao bandarini wakati watu wa makabila mbalimbali wanataka kuuziana vitu. Kwa musomaji wa mashariki mwa Kongo, mwenye anasalimia nyumbani kwa Mashi ao Kinande, anauza kwa Kiswahili, anaimba kwa Lingala na kujaza karatasi za serikali kwa Kifaransa, jina hilo halihitaji maelezo marefu.

Kila mutandao wa mesaje una luga yake, na mafundi wanaiita protokole. Kwa sababu Pidgin inasema luga nyingi, inapokataa kuunganika haisaidii kuuliza Pidgin iko na ugonjwa gani. Swali la kwanza ni lingine: je, konti zote zimekataa, ao ni moja tu? Jibu linapatikana kwa kuangalia dirisha kwa sekunde tano, na linakata nusu ya kazi. Kama konti ya IRC inafanya kazi na ya XMPP inakataa, basi ordinatere iko nzima na intaneti inaingia. Kosa liko upande wa konti ile, wa serveri yake, ao wa njia yenye kuelekea kwenye serveri hiyo. Kama zote zimekataa kwa wakati mumoja, ni vigumu kuamini kwamba serveri za inchi mbalimbali zimekufa asubuhi ileile. Kosa liko karibu: mu rezo, mu mega, mu rutere, ao mu ordinatere yenyewe.

Kuna pia konti zenye hazitarudi hata fundi afanye nini, na inafaa kuzitaja kwa majina maana kuna ordinatere za zamani zenye zingali zinazijaribu kila asubuhi. Wenye walienda mu siberi za Goma, Bukavu ao Lubumbashi miaka ya 2000 wanakumbuka namna saa moja ya intaneti ilikuwa inaisha mbio mbele ya Yahoo Messenger na MSN, ndugu wa Ulaya akiandika upande huu na muchumba wa Kinshasa upande ule. Mitandao hiyo yote imefungwa. Microsoft ilianza kuhamisha watu wa MSN kwenda Skype mwaka 2013, na Skype nayo ilifungwa tarehe 5 mwezi wa 5 mwaka 2025. AIM, ile yenye Pidgin ilizaliwa kwa ajili yake, ilizimwa tarehe 15 mwezi wa 12 mwaka 2017. Yahoo Messenger ilifuata tarehe 17 mwezi wa 7 mwaka 2018. ICQ, muzee wa wote, iliyoanza mwaka 1996, ilizimwa tarehe 26 mwezi wa 6 mwaka 2024.

Google na Facebook zilifanya namna ingine yenye ilidanganya wengi zaidi. Kampuni zenyewe ziko hai, neno la siri bado linafungua barua-pepe na ukurasa wa Facebook, lakini mulango wenye programu za wengine zilikuwa zinapitia umefungwa. Facebook iliufungua mwaka 2010 na kuufunga mwaka 2015. Google iliufunga kabisa tarehe 16 mwezi wa 6 mwaka 2022. Mutu anayejaribu kuingia na Gmail yake mu Pidgin leo anaambiwa kwamba hakubaliwi, anafikiri neno lake la siri limeibiwa, na anaanza kulibadilisha kila siku. Hakuna mwizi. Kilichoisha ni mapatano.

Hata wakati mitandao hiyo ilikuwa hai, haikuwa inauliza ruhusa ya mutu mbele ya kubadilisha mambo. Mwezi wa 6 mwaka 2009 Yahoo ilibadilisha namna ya kuingia, na Pidgin za zamani zikabakia inje siku moja, toleo 2.5.7 ndilo lilirudisha watu. Mwezi wa 11 mwaka 2010 MSN ilibadilisha cheti cha moja ya serveri zake, na watu wakaona onyo kwamba cheti hakiwezi kuhakikishwa. Wenye walifuta konti zao wakati huo hawakupata faida yoyote. Wenye walingoja siku chache na kuweka toleo mupya waliingia kama kawaida. Ni kwa sababu hiyo toleo la programu linafaa kuangaliwa mapema: Pidgin yenye ilitolewa mu kifaa cha USB cha rafiki miaka kumi iliyopita inaweza kuonekana nzima, na kumbe haijui tena luga yenye serveri inasema leo.

Sasa upande wa rezo. Hapa kwetu kuna kosa moja lenye vitabu vya mafundi wa Ulaya havilitaji. Mutu anaunganisha ordinatere yake kwa simu. Kwenye simu mesaje za WhatsApp zinaingia, basi anaapa kwamba mega ziko. Lakini alinunua forfe ya WhatsApp peke yake, ao ya mitandao ya kijamii tu, kwa sababu ni ya bei ya chini. Forfe kama hiyo inafungua njia ya aplikasio zilizotajwa, na Pidgin haiko kati yazo. Itajaribu, itangoja, itasema serveri haijibu. Namna ya kujua ni rahisi: kufungua mu navigatere ukurasa wenye mutu hajawahi kufungua, usio wa Facebook wala wa WhatsApp. Kama haufunguki, kosa si la programu. Ni la unite.

Ukurasa ule usiwe wenye ulifunguliwa jana, maana navigatere inaweza kuonyesha ile yenye ilihifadhi, na mutu akadanganyika.

Wifi ya hoteli, ya chuo kikuu ao ya ofisi za mashirika ina ujanja wake. Ordinatere inaungana, alama inakuwa nzuri, lakini rutere inangoja kwanza mutu afungue navigatere na kuandika jina ao kodi yenye alipewa kwenye mapokezi. Simu inazoea kuonyesha ukurasa huo yenyewe. Pidgin haiwezi kuuonyesha, haijui kurasa. Inagonga ukuta na kurudia.

Kuna pia milango yenye namba. Kila huduma ya intaneti inapitia kwenye namba yake: kurasa za kawaida zinapita 80 na 443, XMPP inapita 5222, IRC inapita 6667 ao 6697 kama mazungumuzo yanafungwa kwa siri. Mwenye kulinda rezo ya ofisi anaweza kuacha 80 na 443 wazi na kufunga zingine zote, wakati mwingine ili wafanyakazi wasimalize mega ya shirika kwa mambo yao, wakati mwingine kwa sababu hivyo ndivyo rutere ilitoka dukani. Kwa mutumiaji inaonekana kama kichekesho: YouTube inafunguka, lakini mesaje ya maneno matano haipiti. Ili kuhakikisha, si lazima ujuzi mukubwa. Ordinatere ileile inaunganishwa dakika mbili kwa simu yenye mega za kawaida. Kama Pidgin inaingia kwa simu na kukataa kwa wifi ya ofisi, mutu wa kuulizwa ni mulinzi wa rezo, na atapenda kusikia namba 5222 kuliko kusikia kwamba intaneti imekufa.

Serveri fulani za XMPP zinafungua pia namba 443, kwa ajili ya watu wenye wako nyuma ya ukuta kama huo. Namba hiyo inaandikwa mu sehemu ya mapangilio zaidi ya konti, pamoja na kuchagua namna ya zamani ya kufunga mazungumuzo tangu mwanzo. Mufanyakazi anafanya vizuri kumuuliza kwanza musimamizi wake. Kupita pembeni ya sheria za ofisi ni jambo lingine, na si la programu.

Lakini ile ofisi ya Bukavu, yenye umeme ulirudi asubuhi, ina uwezekano mukubwa wa kuwa na kosa lingine, lenye watu wachache wanafikiria: saa. Ndani ya ordinatere kuna betri ndogo ya mviringo, ya volti 3, mara nyingi ile yenye kuandikwa CR2032. Kazi yake ni kukumbuka tarehe na saa wakati umeme haupo. Mu ordinatere za mezani zenye zilikuja kutoka Ulaya zikiwa zimetumiwa miaka mingi, betri hiyo mara nyingi imekwisha kufa bila mutu kujua. Fasi yenye umeme haukatiki, haionekani. Hapa, kila mara umeme ukikatika, ordinatere inasahau na kurudi kwenye tarehe ya kutengenezwa kwake. Inaamka ikiamini kwamba ni mwezi wa 1 mwaka 2009.

Tarehe inaingia wapi mu mambo ya mesaje? Mbele ya kutuma neno la siri, Pidgin inaomba serveri ionyeshe cheti chake, kama vile askari wa barabarani anaomba karatasi. Cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Kama ordinatere inaamini iko mwaka 2009, cheti chenye kilitolewa mwezi uliopita kinaonekana kwamba hakijaanza. Programu inakataa, na inafanya vizuri kukataa, maana cheti kibaya kinaweza kuwa alama ya mutu mwenye amejiweka katikati ili asome. Alama yenye kutambulisha kosa hili ni kwamba navigatere nayo inalalamika: ukurasa baada ya ukurasa inasema kwamba muunganiko si salama. Simu, yenye inapokea saa kutoka kwa rezo, haina shida yoyote. Dawa ya leo ni kurekebisha tarehe chini ya dirisha. Dawa ya kudumu ni kubadilisha betri ile, kazi ya dakika kumi kwa fundi mwenye bisibisi.

Wakati wa kurekebisha, inafaa kuangalia pia majira. Mashariki mwa Kongo tuko saa moja mbele ya Kinshasa, na ordinatere nyingi zilipangwa na mutu wa Kinshasa ao wa Ulaya. Saa moja haivunji cheti cha kawaida, lakini inafanya mesaje zionekane zilitumwa mbele ya kuandikwa, na kuna ofisi zenye ziligombana juu ya hiyo.

Kuna cheti na cheti, lakini. Tarehe 30 mwezi wa 9 mwaka 2021 saa zilikuwa sawa na bado ordinatere na simu nyingi za zamani zilikataa serveri zenye vyeti vya Let's Encrypt, shirika lenye linatoa vyeti bure kwa sehemu kubwa ya intaneti. Siku hiyo cheti kimoja cha juu, chenye vifaa vya zamani vilikuwa vinategemea, kilifika mwisho wake. Vifaa vilivyokuwa vimepata matoleo mapya havikuona kitu. Vile vilivyokaa miaka bila kusasishwa, kwa sababu kusasisha kunakula mega, vilibakia inje. Mutu hawezi kulaumiwa kwa kuchunga mega zake. Lakini akiona onyo la cheti, na tarehe iko sawa, na jirani mwenye ordinatere mupya anaingia bila shida kwa serveri ileile, basi programu ya zamani ndiyo ya kubadilishwa. Kubonyeza kwamba anakubali cheti bila kusoma ni kumupa musafiri asiyejulikana ufunguo wa nyumba.

Kosa lenye linabakia ni la kuandika, na linachekesha mpaka litakapokupata. Anwani ya XMPP inafanana na barua-pepe: jina, alama ya @, kisha jina la serveri. Pidgin inaigawa mu visanduku viwili, kimoja cha jina na kingine cha serveri. Watu wanaandika anwani nzima mu kisanduku cha kwanza, wanarudia serveri mu cha pili, na Pidgin inatafuta mutu asiyekuwako. Wengine wanaandika nafasi tupu mwishoni mwa jina, kwa sababu walilikopi kutoka WhatsApp. Nafasi hiyo haionekani kwa macho. Programu inaiona.

Wakati mwingine rutere mbaya inashindwa kuelekeza jina la serveri kwenye mashine yenye kazi ile. XMPP inaruhusu jina la anwani na jina la mashine kuwa tofauti, kama vile sanduku la posta linaweza kuwa mbali na nyumba, na rutere nyingine za bei ya chini hazijui kuuliza swali hilo. Mu mapangilio ya konti kuna kisanduku cha kuandika jina la mashine moja kwa moja. Wenye serveri wanazoea kulitangaza.

Na kurudia kubonyeza? Pidgin inajaribu tena yenyewe, ikiongeza muda kati ya jaribio na jaribio. Mwenye kubonyeza kila sekunde tatu anaweza kuifanya serveri ifikiri kwamba ni mwizi mwenye anajaribu maneno ya siri. AIM ya zamani ilikuwa inamwambia mutu waziwazi angoje dakika kumi, na kwamba akiendelea atangoja zaidi. Serveri za leo zinaweza kufunga anwani ya ofisi nzima bila kusema neno, na wenzake wote wakatoka juu yake.

Kama bado haijulikani, Pidgin yenyewe inaweza kusema. Mu orodha ya musaada kuna dirisha la kufuatilia makosa. Linaandika kila hatua: jina la serveri lilitafutwa, anwani ilipatikana ao haikupatikana, mulango uligongwa, cheti kilisomwa, neno la siri lilikubaliwa ao lilikataliwa. Mutu asiye fundi hatafahamu yote, lakini anaweza kuona hatua ya mwisho mbele ya kimya. Kama inasimama kwenye kutafuta jina, ni rezo. Kama inasimama kisha kugonga mulango, ni namba. Kama inasimama kwenye cheti, ni saa ao programu ya zamani. Kama inafika mpaka neno la siri na kukataliwa, hapo tu ndipo konti inastahili kuguswa. Mwenye kutuma maandishi hayo kwa fundi ayasome kwanza: yanaweza kuwa na anwani za marafiki na maneno ya mazungumuzo, na kikundi cha WhatsApp cha mafundi si fasi ya kuyamwaga.

Mbele ya kugusa konti, kuna jambo moja la kufahamu. Kuondoa Pidgin na kuiweka upya hakubadilishi kitu, hata kama fundi wa kona anaapa. Konti, mapangilio, mazungumuzo yaliyohifadhiwa na funguo za siri za wenye kutumia OTR haviko ndani ya programu. Viko mu folda yenye kuitwa .purple, ndani ya folda za mutumiaji, na programu ikiondolewa folda inabakia. Kosa lililokuwa ndani yake linarudi kesho yake. Fundi mwenye haraka anagundua hilo, anafuta folda nzima, na hapo ndipo miaka ya mazungumuzo inaondoka: bei zenye ziliandikwa, ahadi zenye zilitolewa, maneno ya mwisho ya mutu mwenye hayuko tena. Kukopi folda hiyo mu kifaa cha USB kunachukua dakika moja.

Ndani yake kuna fayilo moja, accounts.xml, yenye maneno yote ya siri yaliyohifadhiwa, yameandikwa wazi, bila kufichwa. Watengenezaji wa Pidgin hawakuficha jambo hilo. Walisema tangu zamani kwamba kujifanya kuyafunga, na ufunguo ukiwa mu ordinatere ileile, ni kudanganya watu. Kwa yule wa Bukavu mwenye alisahau neno lake, hiyo ni habari njema mbele ya kufuta: angeweza kulisoma pale. Kwa mwenye anatumia ordinatere ya siberi, ao ya ofisi yenye watu watano wanashiriki, ni sababu ya kutoruhusu programu ihifadhi neno la siri hata siku moja. Na USB yenye kopi ile isiachwe mezani.

Watu waliochoka kutafuta wanaelekea kwenye viongezo. Pidgin inapokea vipande vidogo vya programu vyenye vilitengenezwa na wengine, na kuna vyenye vinaahidi kuiunganisha na mitandao yenye haijui, hata WhatsApp na Telegram. Vingine vinafanya kazi mpaka siku wenye mutandao wanabadilisha kitu. Lakini mwezi wa 7 mwaka 2024 kiongezo kimoja, chenye kuitwa ss-otr, kiliingia mu orodha ya viongezo vya watu wengine kwenye ukurasa wa Pidgin yenyewe. Kilisema kinasaidia kuonyesha sura ya ordinatere kwa njia ya siri. Mwezi wa 8 ilijulikana kwamba kilikuwa kinarekodi herufi zote zenye mutu anabonyeza na kutuma picha za dirisha kwa wageni. Wasimamizi walikiondoa, wakatangaza, na tangu hapo wanataka viongezo vya orodha hiyo viwe na kodi yenye kila mutu anaweza kusoma. Kiongezo chenye kinatoka kwa mutu wa mu kikundi, bila mwenyewe kujulikana, hakina hata ulinzi huo.

Kuna siku zenye hakuna kisanduku cha kujaza. Mwezi wa 12 mwaka 2011 SMS zilikatwa mu Kongo nzima kisha uchaguzi. Mwezi wa 1 mwaka 2015, wakati wa maandamano juu ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilikatwa. Tangu tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2018 ilikatwa tena karibu siku 20, matokeo ya uchaguzi yakingojewa. Mu siku kama hizo dirisha la kufuatilia makosa linaonyesha kitu kilekile kwa kila konti: jina linatafutwa, hakuna mwenye kujibu. Mwenye kufuta konti yake siku hizo aliongeza msiba juu ya msiba.

Pidgin ina luga moja yenye haihitaji intaneti. Inaitwa Bonjour, na inaunganisha tu ordinatere zenye ziko kwenye rezo moja ya ndani, mu chumba kimoja ao nyumba moja, bila serveri yoyote ya inje. Ofisi nyingi hazijawahi kuiwasha. Ikiwa imewashwa siku za amani, inasaidia pia kutafuta kosa: kama majina ya wenzake wa chumba cha pili yanaonekana kwa Bonjour na XMPP imekataa, wifi iko nzima, na shida inaanza inje ya rutere. Na siku yenye inchi nzima imekatwa, muhasibu bado anaweza kumutumia mesaje mwenye stoki kwenye gorofa ya juu. Rutere tu iwe na umeme.